Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Mbale nikitafuta kawa, lile funiko la chakula linalosukwa kwa ukindu, maana la nyumbani panya walikuwa wamelimaliza. Nilipoinama juu ya rundo, harufu ikanipanda: ukindu uliotoka kwenye rangi ya moto, harufu ya majani mabichi na bati lililolowa. Nikabaki nimeinama vile vile. Msichana muuzaji akadhani mgongo umenikamata, akanishika mkono. Nilipochagua kawa langu akaniuliza jina, aliandike juu yake na kuniwekea mpaka nimalize kuzunguka. Nikamwambia naitwa Zainabu.

"Aa, hiyo jina ya bibi zetu," akasema, akacheka.

Nikamjibu kwamba kweli ni la bibi, na nililipata kwa bibi mwenyewe, na kama angekuwa na nafasi ningemsimulia. Hakuwa na nafasi, wateja walikuwa wamejaa. Basi nasimulia hapa, kwa nyinyi wa rika langu ambao mmewahi kuambiwa jina lenu limezeeka.

Jina lenyewe ni kongwe, sibishi. Aliitwa hilo binti wa Mtume, na nimesikia Waarabu wakisema ni jina la mti wenye harufu nzuri. Bibi yangu wa Mbale hakuwa na habari za miti. Yeye alisema jina letu lilikuja kwa miguu. Bibi yake yeye, Zainabu wa kwanza tunayemjua, alitembea kutoka Sudani nyuma ya askari, mumewe mbele na bunduki, yeye nyuma na chungu kichwani, mpaka wakafika huku wakaambiwa kaeni. Tangu hapo jina linaruka kizazi kimoja na kutua kinachofuata, bibi kwa mjukuu. Na lina bahati yake katika nchi hii. Huku kwetu watu wengi huchanganya r na l, kwa hiyo Rashida ataitwa Lashida mpaka azikwe. Zainabu halina r wala l. Msoga analitamka sawa, Mmasaba analitamka sawa, Mkenya wa barabara kuu analitamka sawa. Mdomo mmoja tu ndio uliokuwa haulitamki, nao ulikuwa wa mama yangu.

Tulikaa Bugembe, nyuma ya barabara ya kwenda Iganga, mama, baba na sisi watoto watatu: Idi, Saida na mimi wa mwisho. Baba alikuwa dereva wa lori njia ya Kenya, leo Malaba, kesho Mombasa, akifika nyumbani anaita jina langu tangu kwenye kona, na kuku wanakimbia. Lakini baba alikuwa mtu wa siku tatu kwa mwezi. Siku zilizobaki zilikuwa za mama. Na mama akituita kula alisema, "Idi! Saida! Haboba!" Haboba kwa Kinubi, lugha ya ukoo wa baba, ni bibi. Wenzangu waliitwa kama watu, mimi naitwa ajuza. Jina hilo likashika mtaani, hata wenye maduka wakawa wananiita hivyo.

Tangu nilipopata akili nililichunguza jambo hili kama mpelelezi. Nikagundua mengi. Mama alikuwa akimchapa Idi, akimfinya Saida, mimi hanigusi. Nikivunja kikombe anashika kiuno, ananitazama, anasema, "Haboba, sasa nikufanye nini?" kisha anaokota vigae mwenyewe. Maji ya kunawa yalianzia kwangu. Kipande cha nyama kisicho na mfupa kilikuwa changu. Mtoto mwingine angeshukuru Mungu. Mimi nilijumlisha yote nikapata jibu moja: watu hutendewa hivi wakiwa wageni. Mimi sikuwa mtoto wa mama. Nilikuwa mtoto wa bibi wa Mbale, nimeazimwa tu, na siku moja nitarudishwa.

Jirani yetu Mama Akinyi, Mkenya aliyekuwa akikaanga chapati kando ya barabara, alikuwa na methali za kutosha mtaa mzima. Siku moja nikamsikia akimsema shemeji yake aliyekuja kutembea asiondoke: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani nikamwambia mama anipe jembe. Nilikuwa na miaka sita hivi. Mama akacheka mpaka akaketi, akasema, "Haboba hapana lima, Haboba kaa kwa kivuli." Nikaenda nyuma ya choo nikalia. Hata jembe nimenyimwa.

Nikakua na uchungu huo, na shuleni ukapata mwenziwe. Shule yetu ilikuwa na watoto wa kila aina, lakini jina kama langu lilikuwa na mkia. Waliposikia Zainabu, na wakasikia nyumbani tunasema Kiswahili, walijua sisi ni wale wa ukoo wa askari. Wengine wangenipigia saluti wakisema "Ndiyo afande!" kisha wanakimbia. Wazazi wao walikuwa na kumbukumbu mbaya za askari waliowapigia kelele kwa Kiswahili, nami mtoto wa dereva nikawa ndiye wa kulipia. Wasichana waliopendwa waliitwa Sharon, Doreen, Brenda. Nililipenda hasa Brenda. Lilikuwa jina lisilomkumbusha mtu chochote.

Ikafika darasa la saba, mwaka wa mtihani. Mwalimu aliyepewa kazi ya kuandikisha watahiniwa alikuwa mgeni, Msamia wa mpakani aliyehamia muhula ule ule, mtu wa haraka, kalamu sikioni. Alipita kwenye madawati akatuambia kila mmoja aandike jina analotaka lisomeke kwenye cheti. Wengi, alisema, hubadili majina wakati huu, si kosa, ila mzazi lazima aje Jumanne alitaje mbele yake, maana jina likishakwenda Kampala halirudi tena. Niliandika Brenda, kisha jina la baba.

Lakini tangu jioni ile mpaka Jumanne sikupata raha. Baba alikuwa Mombasa. Ingebidi aende mama. Ndipo nikajiwekea nadhiri, na nadhiri ya mtoto wa miaka kumi na miwili ni jambo zito kuliko ya mtu mzima. Mama akilitaja jina langu pale mbele ya mwalimu, hata mara moja, hata kwa kunong'ona, mimi ni Zainabu mpaka kaburini. Asipolitaja, mimi ni Brenda, na nitakuwa nimejua kwa hakika kwamba mimi si wake.

Alivaa gomesi yake ya kijani, lile vazi refu la mkanda mpana, iliyokuwa ya Idi tu, Idi ya sikukuu, akafunga kitambaa kichwani, akapanga foleni na wazazi wengine. Nyuma yetu alikuwa Mama Akinyi na mwanawe. Zamu yetu ikafika.

"Mama, mtoto yako ni Brenda, si ndiyo?" mwalimu akauliza bila kuinua macho.

"Blenda?" Mama akageuka akanitazama. Kisha akamrudia mwalimu. "Hapana, mwalimu. Hapana hiyo."

"Sasa ni gani?"

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama mlangoni kama anayetafuta mtu wa kumtuma. "Uliza yeye mwenyewe," akasema.

"Yeye ndiye ameandika Brenda. Mimi nauliza mzazi."

Nikamkazia macho mama. Sema, nikasema moyoni. Sema tu.

"Ni jina ya mama ya baba yake," mama akasema kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Na mama ya baba yake anaitwa nani?"

Jasho lilimtoka mama juu ya mdomo. Mama Akinyi, aliyedhani anasaidia, akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, huyu ni Haboba. Mtaa mzima tunamwita Haboba."

"Haboba? Hiyo nayo ni jina?" Mwalimu akainua kichwa, na foleni nzima ikacheka, wakubwa kwa wadogo. Mama alisimama katikati ya kicheko kile akishika kitambaa chake kidevuni. Mwalimu akachomoa karatasi nyingine. "Mama, watu ni wengi. Nenda nyumbani. Ukikumbuka jina ya mtoto yako, rudi Ijumaa. Usiporudi, Brenda inaenda."

Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma. Karibu na kituo cha teksi akasimama. "Haboba, kwa nini umenifanyia hivi?"

Na mimi nikapasuka. Nikamwambia pale pale barabarani kila nilichokuwa nimekusanya tangu utoto: vikombe, nyama, maji ya kunawa, jembe. Nikamwambia anawajua Idi na Saida kwa majina, mimi hanijui. Nikamwambia, "Wewe si mama yangu." Nimesema maneno mengi maishani, hilo ndilo ningelirudisha kama maneno yangerudi. Mama alikaa kwenye ukingo wa mtaro na gomesi yake ya sikukuu, vumbi na vyote. Halafu akasema kesho twende Mbale.

Bibi alikuwa na chumba cha kupanga Namakwekwe, na kibarazani kwake palikuwa na mkebe wa rangi ya ukindu ukichemka kutwa. Mikono yake ilikuwa ya zambarau hadi vifundoni. Alipotuona akapaza sauti, "Wajina wangu amekuja!" kwa sababu hivyo ndivyo alivyoniita, wajina, mwenzake kwa jina. Mama alipiga magoti kumsalimu kama alivyofundishwa kwao Busoga, kisha akaeleza yote akiwa bado magotini. Alipofika kwenye Blenda, bibi alicheka hadi akalazimika kushika ukuta. "Blenda!" akarudia. "Hata mama yako mwenyewe analivunja! Sasa utakuwa mtu gani, unaitwa kitu kimevunjika?"

Lakini aliposikia nilichomwambia mama barabarani, kicheko kikakatika.

"Kaa hapa," akaniambia. "Nani amekuambia mke anataja jina la mama mkwe wake?"

Sikuelewa.

"Mimi ni mama mkwe wa mama yako. Katika nyumba yetu jina langu halipiti mdomoni mwake. Sasa wewe ukazaliwa, mwanangu akakupa hilo hilo jina. Mama yako afanye nini? Akikuita, ameniita mimi. Akikupiga, kampiga nani?"

"Wewe," nikasema.

"Mimi! Huyu mwanamke ananiheshimu kila siku kule Bugembe na mimi niko huku, simuoni. Unanawa wa kwanza kwa sababu mimi ndiye ninayenawa. Ile nyama unakula ni yangu." Akamgeukia mama. "Kwani hukumwambia?"

"Nilifikiri anajua," mama akasema. "Si yeye ndiye Haboba?"

Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Miaka yote ile nilijihesabu mgeni, kumbe nilikuwa mkubwa wa nyumba. Nilikaa wima juu ya mkeka wa bibi kama mtu aliyevishwa kilemba, na wakati huo huo nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, kwa ajili ya lile neno la barabarani. Nilimtazama mama na kwa mara ya kwanza nikaona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yameliruka: alikuwa bado magotini, na hakuna aliyemwambia apige magoti muda wote ule.

Bibi akamwinua. "Mwanangu, adabu yako nimeiona, inatosha. Mimi mwenye jina nakufungulia. Ijumaa taja, mtoto apate karatasi yake. Taja hata sasa, nikusikie."

Mama akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Nisamehe. Siku ile mimi nakuja kwa nyumba hii, shangazi za huyu mtoto walisema ameletwa mtu wa Busoga, hajui dini, hajui adabu, atatutukana kabla ya mwaka kuisha. Nilisikia mwenyewe kwa dirisha. Nikasema, sawa, tutaona. Sasa miaka ishirini wanangoja kusikia mdomo yangu. Leo niwape?"

Hapo ndipo nilipojua mama yangu ni mtu wa namna gani. Nilikuwa nimemchukulia kuwa mpole. Hakuwa mpole hata chembe. Alikuwa na kiburi cha kutosha ukoo mzima, na alikuwa amekificha ndani ya kunyamaza.

"Basi itakuwaje?" bibi akauliza. "Mimi miguu hii hainifikishi hata sokoni. Mume wako yuko Mombasa huko. Mwalimu anataka mzazi."

Mama akafikiri, akitazama ile mikono ya zambarau ya bibi. "Mama," akasema, "iliyofungwa ni mdomo. Na mkono?"

Bibi akapiga paja lake kofi moja, alama ya rangi ikabaki kwenye kanga. "Mkono haujakatazwa na mtu! Lakini wewe hujawahi kukanyaga darasa. Utaandika na nini?"

"Haboba anajua," mama akajibu.

Alhamisi sikwenda shule. Nilichukua kipande cha mkaa nikaandika jina langu juu ya mlango wa jiko, herufi saba, kubwa kama vichwa vya watoto, na mama akasimama mbele yake mikono kiunoni kama mtu anayeangalia ng'ombe wa kununua. Kisha tukaanza. Mkono wake ulioweza kugeuza ugali wa watu kumi ulishika mkaa kama mwiko. Zedi ilimsumbua kuliko zote, ilikuwa ikimwangukia upande wa pili. Herufi ai aliipenda. Be aliichora na matumbo makubwa mawili akasema huyu ana mapacha. Nilipomsomea herufi alizirudia moja moja, "zedi, a, ai, ene," lakini hakuziunganisha kamwe, hata kwa bahati mbaya. Alikuwa macho. Nilijaribu kumtega mara moja, nikaona aibu, nikaacha.

Uji uliungua. Saida alirudi shule akakuta mama amechora jina langu kwa kidole kwenye unga, kwenye vumbi la dirisha, kwenye masizi ya sufuria. Jua lilipokwenda kutua mlango ulikuwa umejaa hadi chini, Zainabu juu ya Zainabu, la mwisho limenyooka kuliko la kwanza. Mimi niliyekuwa nikiliona aibu jina lile nilikaa kwenye ngazi ya jiko nikilisoma kutoka juu hadi chini, na sikuwa na hamu na la mtu mwingine yeyote.

Ijumaa akavaa gomesi ile ile, ameikung'uta. Foleni haikuwa ndefu, lakini waliokuwepo walimkumbuka. Niliona viwiko vikigusana. Mama Akinyi alikuwepo pia, hakucheka.

"Mama, umerudi," mwalimu akasema. "Umekumbuka?"

"Mwalimu, lete kalamu."

Mwalimu akamtazama, akaitoa sikioni, akampa. Mama akalivuta daftari kubwa upande wake, akaomba nimwonyeshe mahali, akapiga mstari juu ya Brenda. Mstari mmoja tu, taratibu. Halafu akainama na kuanza. Herufi zake hazikutosha kwenye kisanduku. Zedi ilianzia kwa mtoto wa juu yangu na ile u ya mwisho ikaingia kwa wa chini. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja, akaikagua kazi yake, akaniuliza kwa macho kama hakuna iliyoanguka. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba zote zimesimama.

Mwalimu akaligeuza daftari. "Za-i-na-bu," akasoma. Akasoma tena kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Zainabu."

"Ndiyo," mama akasema. "Huyo ndiye mtoto yangu."

Niliinua kichwa na kumtazama kila mtu aliyekuwa mle chumbani, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaangalia kwingine. Kama kuna siku nimewahi kujivuna, ni hiyo, na sijaomba radhi.

Mwalimu alikuwa amebadilika sauti. Alimsogezea mama daftari kwa mikono miwili, akamwonyesha mstari wa chini. "Hapa sasa, mama, andika jina yako wewe. Sahihi ya mzazi."

Mama akatazama mstari ule. Akanitazama mimi. Siku nzima ya mkaa na unga, si yeye si mimi aliyekumbuka kwamba na yeye ana jina. Akacheka kidogo, akairudisha kalamu mezani, akanyoosha mkono kwenye kikopo cha wino wa kupigia kidole gumba kilichokuwa pale mezani.

"Mwalimu," akasema, "hii mkono inajua jina moja tu. Na nimekwisha andika."